Nimeondolewa katika huduma niliyoitunza kwa miaka mingi: je, kuumia kwangu ni kiburi?

Swali: Shalom, Mwalimu. Kwa miaka 12 nimekuwa nikiandaa meza ya Bwana kanisani kwetu, nikisafisha vyombo na kufua vitambaa. Nimetunza pia daftari la sadaka ya wagonjwa na kuwatembelea majumbani mwao. Mchungaji mpya alipofika, alimpa binti mmoja ufunguo wa kabati la vyombo bila kuniambia lolote. Nilijua siku niliyokuta kufuli limebadilishwa. Baadaye wazee wa kanisa wakataka kulikagua daftari. Siku ya kuwashukuru watumishi yalisomwa majina mengi, langu halikuwamo. Sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nimefundishwa kwamba mnyenyekevu hajitetei. Lakini moyo unaniuma, na sasa naogopa kwamba huduma yangu yote ilikuwa ya kutafuta sifa. Je, kuumia huku ni kiburi? Ninyamaze au niseme? Na niendelee au niache?

Jibu: Shalom, dada mpendwa katika Kristo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa kuliko kufuli na majina yaliyosomwa ni hofu uliyoiweka mwishoni, kwamba miaka yote ile huenda ilikuwa bure. Nitaanza hapo, kwa kuwa mtu mwenye hofu hiyo hawezi kuamua vema kuhusu kusema wala kuhusu kuacha.

Kuumia peke yake si kiburi. Mtu anayeondolewa ghafla katika kazi aliyoipenda huumia kwa sababu aliipenda, na kama usingeumia hata kidogo ningekuuliza kama moyo wako uliwahi kuwamo. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu wa sasa, na kwamba katika utetezi wake wa kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wake, wote walimwacha. Kisha papo hapo anaomba wasihesabiwe hatia kwa jambo hilo. Tazama mambo mawili yanayokaa pamoja katika mistari hiyo michache ya sura ya nne ya waraka wa pili. Paulo hafichi kwamba aliachwa, wala haipunguzi aibu ya walioondoka, na wakati huohuo anawaombea. Wengi wetu tumefundishwa kwamba lazima tuchague moja: ama tuseme tumeumia, ama tusamehe. Huyu mzee wa imani alifanya yote mawili kwa pumzi moja, na waraka wake umesomwa makanisani kwa karne nyingi bila mtu kumwita mwenye kiburi.

Vilevile, kutamani kushukuriwa si dhambi inayopaswa kukutia hofu namna hiyo. Fungua sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi. Paulo anamtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kuagiza apokewe kwa heshima na asaidiwe katika lolote atakalohitaji, kwa kuwa naye amewasaidia wengi, pamoja na Paulo mwenyewe. Anamtaja Mariamu aliyejitaabisha sana, na Trifaina na Trifosa kwa bidii yao katika Bwana. Hata Tertio, aliyeishika kalamu na kuuandika waraka, anapata mstari wake wa kusalimu. Kanisa la kwanza liliwataja watumishi wake kwa majina, na kwa sababu zilizoeleweka. Agizo la Bwana katika Mathayo sura ya 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, linamhusu anayetoa; halikuandikwa ili kanisa lipate ruhusa ya kuwasahau wanaolihudumia. Kwa hiyo, jina lako kuachwa katika orodha ile ni kosa la kanisa, na halina sababu ya kugeuzwa kuwa mtihani wa utakatifu wako. Waraka kwa Waebrania unasema katika sura ya 6 kwamba Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu. Hofu yako imejibiwa hapo: wagonjwa uliowatembelea walitembelewa kweli, na hakuna hisia ya leo iwezayo kurudi nyuma na kulifuta jambo hilo.

Hata hivyo sitakuambia kwamba hakuna hatari. Ipo, ila iko mahali tofauti na pale unapoitafuta. Unaitafuta katika maumivu, nami naiona zaidi katika namna tunavyomtazama anayekuja baada yetu. Jumapili ijayo, binti yule akiwa ameandaa meza, utakaa kitini na macho yako yatakwenda mezani kabla hujaamua yaende. Hilo huwezi kulizuia. Utaona kwamba kitambaa kimekunjwa tofauti na ulivyozoea, kwamba vikombe vimesogezwa upande mwingine, labda kwamba doa la divai la juma lililopita halikulowekwa mapema na sasa limeshika. Hapo ndipo jiulize: natamani nini sasa? Natamani doa lile lionekane na watu wote ili wajue tofauti kati yake na mimi? Au baada ya ibada nitamwita pembeni nimwambie, kwa upole, kwamba kitambaa kile huoshwa siku ileile kwa maji baridi? Kama unatamani meza iandaliwe vema hata kwa mikono isiyo yako, basi ulikuwa ukiitumikia meza ya Bwana. Kama unatamani iharibike kidogo tu, kiasi cha watu kukukumbuka, basi kuna jambo la kuliungama mbele za Mungu, na uliungame bila kujichapa, kwa kuwa ni jaribu la kila mtu aliyewahi kufanya kazi nzuri. Lakini hata hilo la pili haligeuzi miaka 12 kuwa uongo. Shamba lenye magugu bado lina ngano, na Bwana mwenyewe, katika mfano wake, aliwazuia watumishi waliotaka kung'oa kwa haraka.

Kuna mstari mmoja katika Injili ya Yohana unaorukwa tunaposoma habari ya kuosha miguu. Kabla ya kueleza jinsi Yesu alivyoondoka chakulani, akajifunga kitambaa na kutia maji katika bakuli, Yohana anaandika katika sura ya 13 kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu. Alijua yeye ni nani, kisha akainama. Hakuosha miguu ili apate thamani, wala hakuipoteza kwa kuiosha. Naamini shida ya watumishi wengi wa kanisa, wanawake kwa wanaume, huanzia hapa: tumeruhusu kazi ituambie sisi ni nani. Kazi ikiondoka, tunabaki hatujijui. Unyenyekevu wa Kikristo hauanzi kwa kujiona si kitu. Unaanza kwa kuwa na uhakika kwamba wewe ni mtoto wa Mungu kabla hujashika ufunguo wowote, na kwamba huduma ni ya Bwana, wewe umekabidhiwa kwa muda.

Ukishalikubali hilo, swali lako la pili linakuwa jepesi zaidi. Umefundishwa kwamba mnyenyekevu hajitetei, na waliokufundisha walimtazama Bwana wetu aliyenyamaza mbele ya Herode. Lakini Bwana huyohuyo, usiku uleule aliokamatwa, alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu, hakunyamaza. Aliuliza: kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini? Hilo liko katika Yohana sura ya 18. Hakutukana, hakurudisha kofi. Alidai jambo lielezwe. Na katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, wajane wa Wayahudi wenye kunena Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wao walinung'unika, na mitume hawakuwaambia wawe wanyenyekevu wavumilie. Waliitisha mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani, na huenda maana yake ni kwamba waliopewa mamlaka juu ya mgawo walichaguliwa kwa kuwafikiria hasa waliolalamika. Mwandishi anaendelea kusema kwamba neno la Mungu likaenea. Malalamiko yaliyosemwa wazi na kusikilizwa vizuri yalilijenga kanisa. Yangekaa moyoni yangelipasua.

Basi sema, ila uchague kwa nani na kwa maneno gani. Mathayo sura ya 18 inatupa utaratibu: kwanza wewe na yeye peke yenu. Mwombe mchungaji nafasi ya kuonana, usimvamie mlangoni baada ya ibada wakati watu wanamsubiri, na usiende ukiwa umekwisha kuwasimulia akina mama wenzako kwenye kikundi, kwa sababu ukifanya hivyo utakuwa umemhukumu kabla hajafungua kinywa. Yawezekana kabisa aliambiwa na mtu kwamba umechoka na unataka kupumzishwa. Wachungaji wapya huambiwa mengi. Mweleze yaliyotokea na jinsi yalivyokugusa, bila kumsomea nia yake. Unaweza kusema hivi: "Mchungaji, nilikuta kufuli limebadilishwa na sikuwa nimeambiwa. Niliumia, na nimeona ni vema nikuambie mwenyewe kuliko kulibeba. Sikuja kudai nirudishiwe ufunguo. Naomba kujua kanisa linanihitaji wapi, na naomba nafasi ya kumkabidhi binti huyu kazi ipasavyo." Maneno hayo hayana unafiki ndani yake, wala hayamshambulii mtu. Kama ni kweli kwamba bado unatamani kuirudia kazi ile, sema hilo pia. Kujifanya hutaki wakati unataka ni kusema uongo, hata kama uongo huo umevaa vazi la unyenyekevu.

Kuhusu daftari nitasema kwa ufupi, kwa maana hapa naona umeumia pasipo sababu ya kutosha. Kukaguliwa hakumaanishi kushukiwa. Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alituma ndugu wengine wawili pamoja na Tito, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na katika 2 Wakorintho sura ya 8 anaeleza sababu: asije mtu akawalaumu kwa habari ya mchango ule, kwa kuwa wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Aliyataka macho ya watu kabla hajaulizwa. Wape wazee daftari lako kwa mikono miwili, likiwa na stakabadhi zake, na pale ambapo kumbukumbu haikuandikwa, waambie haikuandikwa. Kisha omba kwamba kuanzia sasa sadaka ya wagonjwa ishikwe na watu wawili. Utakuwa umemkinga yeyote atakayeishika baada yako.

Nirudi kwenye kukabidhi, kwa sababu naamini hapo ndipo kanisa lenu lilipokosea zaidi na hapo ndipo bado unaweza kulisaidia. Katika Kitabu cha Hesabu sura ya 4, jamaa tatu za Walawi wanagawiwa mizigo ya hema ya kukutania. Wakohathi wanabeba vyombo vitakatifu; Wagershoni mapazia; Wamerari mbao, nguzo, vitako, vigingi na kamba. Mtu angedhani kwamba vigingi ni vitu vya kutupwa garini bila hesabu, lakini agizo linasema Wamerari waagiziwe vitu vyao kwa majina, kimoja kimoja. Kigingi kilikuwa na mwenye kukijibia. Na katika sura ya 7 magari yanagawanywa kwa kadiri ya mzigo: Wagershoni wanapata mawili na ng'ombe wanne, Wamerari wenye vitu vizito wanapata manne na ng'ombe wanane, na Wakohathi hawapati hata moja kwa sababu walipaswa kubeba vitu vitakatifu mabegani. Hakuna aliyeachwa akisie kazi yake ni ipi, wala aliyebebeshwa mzigo mzito bila msaada.

Karne nyingi baadaye, katika karne ya 6, Benedicto wa Nursia aliwaandikia watawa wake kanuni ambayo sura yake ya 35 inahusu zamu za jikoni, na mimi huiona kuwa mojawapo ya kurasa zenye hekima kubwa juu ya utumishi. Ndugu wanahudumiana kwa zamu ya juma moja moja. Siku ya Jumamosi anayemaliza zamu anasafisha, anafua taulo ambazo ndugu hujifutia mikono na miguu, kisha yeye pamoja na anayeingia wanawaosha ndugu wote miguu. Vyombo vinarudishwa vikiwa safi na vizima kwa mtunza ghala, naye anavikabidhi kwa anayeanza, ili ijulikane kilichotolewa na kilichopokewa. Jumapili, anayetoka anamshukuru Mungu aliyemsaidia, anayeingia anaomba msaada, na wote wawili wanaombewa mbele ya jumuiya nzima. Wale walio dhaifu wanapewa wasaidizi ili wasiifanye kazi kwa huzuni. Hayo yote ni kwa ajili ya sufuria na taulo! Ona jinsi anayetoka na anayeingia wanavyoinama pamoja kwa siku moja, hata hakuna anayetoka kama aliyefukuzwa wala anayeingia kama aliyeshinda.

Wewe hukupewa siku kama hiyo, na ni haki kuiomba hata kama imechelewa. Muombe mchungaji akukutanishe na binti yule kabla ya ibada ijayo ya meza ya Bwana. Fungueni kabati pamoja. Hesabuni vikombe, mwonyeshe kile chenye ufa kinachopaswa kuwekwa nyuma, mweleze ni nani kati ya wagonjwa wasioweza kufika kanisani hupelekewa ushirika, desturi ambayo Yustino Mfiadini, mwalimu wa Kikristo wa kale, aliieleza mnamo mwaka 155 aliposema kwamba mashemasi huwapelekea wasiokuwapo. Mwambie pia yale ambayo hayaandikwi: mzee gani mikono yake hutetemeka na hapaswi kujaziwa kikombe, mama gani huona aibu akifikiwa wa mwisho. Maarifa hayo si yako ya kuondoka nayo. Na yeye akikuonyesha njia mpya ya kupanga vyombo, mruhusu. Petro alipokataa kuoshwa miguu alidhani anajishusha, na Bwana akamwambia kwamba asipooshwa hana sehemu naye. Kukubali kupokea kutoka kwa aliye mdogo ni sehemu ya somo lilelile.

Kama mchungaji wako anasoma haya, au mzee yeyote wa kanisa, naomba anisikilize kidogo. Mafundisho ya unyenyekevu yanaharibika vibaya sana yanapohubiriwa na mwenye mamlaka kwa asiye nayo ili asiulize. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 5, unawaambia kwanza wazee wasijifanye mabwana juu ya kundi, ndipo unawaambia vijana watii, ndipo unawaambia wote wajifunge unyenyekevu wapate kuhudumiana. Mpangilio huo una maana. Kiongozi anayebadilisha zamu ana haki ya kufanya hivyo, na mara nyingi ni jambo jema, kwa kuwa huduma inayokaa mikononi mwa mtu mmoja mpaka azeeke huwanyima vijana nafasi. Lakini dakika kumi za mazungumzo kabla ya kubadilisha kufuli ni wajibu wake, na mtumishi hapaswi kuzisubiri kama fadhila.

Sasa swali la mwisho, kuendelea au kuacha. Usiamue ukiwa na uchungu wa sasa. Subiri mpaka umeonana na mchungaji na umekabidhi. Hesabu sura ya 8 inasema Mlawi akifika miaka 50 aache kazi nzito, lakini aendelee kuhudumu pamoja na ndugu zake katika kulinda. Kulikuwa na mahali pa mtu aliyekwisha kuweka mzigo chini, na mahali hapo palikuwa karibu na ndugu zake, ndani ya kazi ileile. Martha naye, ambaye Bwana alimwambia katika Luka sura ya 10 kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, anaonekana tena katika Yohana sura ya 12, siku sita kabla ya Pasaka, na habari yake pale ni fupi: Martha akatumikia. Hakuambiwa aache. Ila safari hii hatumsikii akimlalamikia dada yake.

Kwa hiyo pumzika kidogo kama mwili na moyo vinadai hivyo, na uwaambie wahusika kwamba unapumzika, usitoweke tu. Mwezi mmoja au miwili ya kukaa ibadani bila kazi, ukisikiliza neno kama wengine, inaweza kukufaa sana baada ya miaka yote uliyokaa ukiwaza vyombo. Lakini katika barua yako umesema ulikuwa ukiwatembelea wagonjwa, na sikuona mahali unaposema kwamba mtu amekukataza hilo. Hakuna ufunguo unaohitajika kwenda kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Anza na yule ambaye hajatembelewa tangu mambo haya yatokee, na kama binti yule wa meza ana nafasi alasiri hiyo, mwombe mwende pamoja.